Kuvunja mkataba NHL si bure
@aliyeuliza kwa nini timu ya NHL (ligi ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada) isimteme tu mchezaji ghali msimu ukiisha, kama klabu zetu hapa Nairobi: kule deni linabaki kwenye kikomo cha mishahara (jumla ya juu kabisa ambayo timu inaruhusiwa kutumia kwa mishahara). Aliyefika miaka 26 hulipwa theluthi mbili ya mshahara uliobaki (chini ya hapo, theluthi moja), na malipo yanasambazwa mara mbili ya miaka iliyobaki. Chukua miaka 2 ya dola milioni 6 kila mwaka, jumla milioni 12: theluthi mbili ni milioni 8, kwa hiyo milioni 2 kila mwaka, miaka 4. Afadhali kumbadilisha na timu nyingine. Halafu angalia bonasi ya kusaini, hapo ndipo wengi hukosea hesabu: hiyo haipunguzwi hata senti.