Kukaimu ukuu wa idara ukiwa mwalimu wa falsafa: niliyoyapitia mimi

Mleta uzi anasema anafundisha falsafa, amepewa barua ya kukaimu ukuu wa idara, na anahofia vikao vitammaliza. Ndugu yangu, vitakumaliza kweli usipojipanga. Mimi nimestaafu, nipo zangu Ngamiani hapa Tanga, lakini nilianza na barua kama hiyo, nikafika uamidi, yaani ukuu wa kitivo, mwisho nikawa rasi wa ndaki, yaani mkuu wa kundi zima la idara na vitivo ndani ya chuo kikuu.

Mwaka wa kwanza nilidhani bodi ya ndaki ni darasa la mantiki. Mwenzetu mmoja wa uchumi alileta pendekezo la kufuta kozi yetu ya maadili, eti wanafunzi ni wachache. Nikalivua nguo lile pendekezo, hoja baada ya hoja, wajumbe wakacheka. Kozi ikabaki. Miaka miwili baadaye yule bwana akawa mwenyekiti wa kamati ya ajira, na dokezo letu la kuomba mhadhiri wa kuziba pengo la marehemu mwenzetu likalala huko likipigwa vumbi. Hakunikatalia hata siku moja. Kila nikimuuliza: "Prof, linafanyiwa kazi." Tangu hapo jambo zito sikulipeleka kikaoni kabla sijamfuata mhusika ofisini kwake, alipinge tukiwa wawili tu.

Sasa falsafa inafaa wapi? Wengi hudhani kwenye kusema. Mimi ilinifaa kwenye kusoma. Nikiwa amidi ililetwa rufaa ya binti mmoja. Kanuni ilitaka rufaa iletwe ndani ya siku 7 tangu matokeo "kutangazwa", yeye kaleta siku ya 10. Wajumbe wakataka tuifunge twende tukale. Nikauliza: kutangaza ni nini? Matokeo yalibandikwa Ijumaa jioni kwenye ubao ulio ndani ya jengo, na jengo likafungwa mpaka Jumatatu. Wikiendi ile yalitangazwa kwa nani, kwa mijusi? Karatasi ikapitiwa upya, kumbe alama za swali moja hazikuhamishiwa ukurasa wa mbele. 38 ikawa 47, na kufaulu ilikuwa 40. Ila niseme kweli: aliyeninong'oneza habari ya mlango kufungwa ni katibu muhtasi wangu, wala si mwanafalsafa Aristotle. Muheshimu sana katibu muhtasi wako. Majalada yote anayajua yeye.

Kuna mdau hapo juu kasema mwanafalsafa akishika madaraka kalamu inakauka, akamtolea mfano Kant, yule mwanafalsafa Mjerumani. Mfano huo unamgeuka mwenyewe. Kant alikuwa rekta, yaani mkuu wa chuo, wa Chuo Kikuu cha Königsberg mwaka 1786 na tena 1788, na katikati, 1787, akatoa toleo la pili la kitabu chake kikuu cha uhakiki wa akili. Lakini urekta ule ulikuwa wa zamu, muhula mmoja mmoja, si hii yetu ya miaka. Bora angemtaja Fichte, mwanafalsafa mwingine Mjerumani: rekta wa kwanza kuchaguliwa Chuo Kikuu cha Berlin, 1811, akagombana na wenzake juu ya nidhamu ya wanafunzi, 1812 akaachia ngazi. Mimi nilikaa miaka 9 kwenye vyeo, nikaandika makala mbili, na moja naionea haya.

Kilichonishikilia ni darasa la Mantiki la mwaka wa kwanza, Jumanne saa moja asubuhi. Sikuliacha hata nilipokuwa rasi. Wale vijana cheo chako hawakijui. Ukikosea ubaoni wanakuambia papo hapo. Huko kwenye vikao hakuna anayekuambia.

Pokea hiyo barua, lakini uliza kwa maandishi unakaimu mpaka lini na unapunguziwa vipindi vingapi. Mimi niliona aibu kuuliza. Nikafundisha kozi 4 muhula ule, nikakaimu miezi 14, na posho ya madaraka ikaingia mwezi wa 15.