Majani makavu ya seneshio za Kilimanjaro

Wengi wakiona picha za seneshio, mimea mikubwa ya juu mlimani Kilimanjaro, huuliza kama zimechomwa moto au zimekufa kwa ukame. Hapana. Yale majani makavu yanayoning'inia shinani ni koti. Seneshio haiangushi majani yake yakizeeka; hubaki yamelaliana kama makuti ya paa la kwetu Tanga, na ndani ya shina kuna kiini laini kinachotunza maji. Kule juu jua la mchana linaunguza, usiku barafu, karibu kila siku ya mwaka. Koti hulikinga shina lisigande; likiganda, asubuhi majani ya juu yanapata jua lakini maji hayapandi.

Nilizidharau picha hizo mimi pia, mpaka nilipolala kambi ya Barranco huko Kilimanjaro, kama mita 3,900. Jua lilipozama majani mabichi yalianza kujikunja kuelekea katikati, yakafumba kichipukizi kama kabichi. Asubuhi hema lina barafu, mmea umefunguka tena kama hakuna kilichotokea. Ukiingiza vidole chini ya yale makavu (usiyabandue tu, tafadhali, mmea unakua polepole mno) unakuta pakavu.

Ila usichukulie kuwa kila jani la mlimani liko hivyo. Panda Amani hapo juu ya Muheza: ni mlima pia, lakini shida ya kule ni mvua na kivuli. Majani mengi ni laini, yenye ncha ndefu kama mdomo wa birika, maji yatiririke upesi.