Umemaliza mafunzo, sasa umepewa mtu wako wa kwanza

Hongera kwa kumaliza saa 50 za mafunzo. Huduma ya Stefano (Stephen Ministry, ambamo muumini wa kawaida hufunzwa kumtembelea na kumsikiliza mtu mmoja aliye katika wakati mgumu), aliyoianzisha mchungaji na mwanasaikolojia Kenneth Haugk huko St. Louis mwaka 1975, ina taratibu utakazozizoea upesi: mnaonana mara moja kwa wiki, kama saa moja, mwanamume na mwanamume, mwanamke na mwanamke. Kinachotusumbua sisi tuliolelewa Afrika Mashariki na sasa tunasali huku Marekani ni mazoea yetu ya kufariji.

Msiba tunauendea kwa wingi. Turubai, kwaya, masufuria ya wali, na kila anayefika ana neno. Ni jambo jema, wala silibezi. Lakini wewe unaanza kazi matanga yakiwa yameshaanuliwa, watu wamerudi makazini, na mjane ameshasikia "Mungu amempenda zaidi" mpaka masikio yamechoka. Usimwongezee. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno (Ayubu 2:13). Walianza kuharibu walipoanza kueleza.

Muulize, "Wiki hii usiku umekuwaje?" Ukiuliza "unaendeleaje" atakujibu "namshukuru Mungu", na mazungumzo yameishia hapo. Akinyamaza, nyamaza naye. Akilia, usimkimbilie na tishu, maana wapo wanaoona kama wameambiwa waache kulia. Boksi liwe mezani tangu mwanzo, karibu na mkono wake. Sala nayo isiwe mlango wako wa kutorokea. Muulize, "Ungependa tumwambie Mungu nini?" Kama amesema ana hasira na Mungu, liombeni hilo hilo kwa maneno yake, usilipake sukari.

Halafu siri. Hapa ndipo makanisa yetu yanapovuja, tena kwa lugha tamu: "Wapendwa, tumkumbuke dada yetu fulani, nyumbani kwake hakuna amani." Huo ni umbea uliofumba macho. Hata mkeo au mumeo hapaswi kujua unamtembelea nani. Kwenye kikundi cha usimamizi, mnachokutana mara mbili kwa mwezi, eleza wewe unavyoenda na kazi, jina liache. Kisichofichwa ni akikuambia anataka kujiua au kumdhuru mtu. Mweleze hivyo siku ya kwanza kabisa, asije akaona umemsaliti. Ikitokea, usiondoke ukamwacha peke yake. Mpigie kiongozi wa huduma au mchungaji, na namba 988, ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, hapa Marekani hupokelewa saa 24.

Ataomba na mengine: umkopeshe kodi ya nyumba, umpeleke dukani kila Jumamosi. Utatamani kukubali, ndivyo tulivyolelewa. Mpeleke kwa mashemasi. (Najua, Stefano mwenyewe alichaguliwa kuhudumia wajane mezani, Matendo 6. Lakini walikuwa saba.) Ukishakuwa mkopeshaji wake, wiki atakayoshindwa kulipa atakukwepa, na hiyo huenda ndiyo wiki anayokuhitaji zaidi.

Mwisho wa safari hakuna anayeupanga mapema. Wengine ni miezi michache, wengine mwaka na zaidi. Siku akianza kukuahirisha kwa sababu ana mazoezi ya kwaya, usinune. Peleka habari hiyo kwenye kikundi, mpange namna ya kufunga, na umwambie yeye wiki kadhaa kabla.