Vyuma vimekaa sawa, mbona mfupa haujaunga?

SWALI: Habari dokta. Nilifanyiwa oparesheni ya mgongo wa chini, wakaunganisha pingili mbili kwa skrubu na vyuma. Sasa huu ni mwezi wa nne, ule mguu uliokuwa unawaka moto umepoa kabisa ila kiuno bado kinauma hasa asubuhi, na juzi nimepiga eksirei naambiwa vyuma viko vizuri ila mfupa bado haujaunga. Sasa walinifanyia nini? Halafu kuna jamaa kaniambia siku hizi kuna dawa ya kuotesha mfupa, mbona mimi sikuwekewa? Sigara navuta ila chache tu, nimepunguza. (Mwanaume, miaka 46)

JIBU: Pole ndugu yangu, na kwanza nikutoe hofu. Mguu kupoa ni habari njema sana, maana yake ule mshipa wa fahamu uliokuwa umebanwa umepata nafasi. Kuhusu mfupa, wengi wanadhani skrubu ndo zinaunga, hapana, zenyewe zinashikilia tu pingili zisichezecheze wakati mwili wako unafanya kazi. Pale katikati waliweka vipande vidogo vya mfupa, damu ikakusanyika, seli zinakuja zinatengeneza kitu laini kwanza halafu taratibu chumvichumvi za kalsiamu zinaingia mpaka kinakuwa mfupa kamili, na hiyo safari inachukua miezi sita hadi mwaka, wengine zaidi. Kwa hiyo mwezi wa nne eksirei kutoonyesha mfupa mzima ni kawaida, na baadaye wakiwa na shaka watakupiga CT scan ambayo inaona vizuri zaidi. Ila mfupa usipounga kabisa, hapo ndo tatizo, kwa sababu vyuma vikibeba mzigo peke yao kila siku vitachoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa, mwisho vinalegea au kukatika.

Dawa ya jamaa yako ipo kweli. Mwaka 1965 daktari wa mifupa wa Marekani, Marshall Urist, alionyesha kwamba mfupa uliotolewa madini ukipandikizwa kwenye msuli wa mnyama unaotesha mfupa mpya hapohapo, na protini zinazofanya kazi hiyo akaziita BMP. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaruhusu mojawapo itumike kwenye mgongo wa chini, inalowekwa kwenye kisponji kinachowekwa kati ya pingili. Inaotesha mfupa, hilo sibishi. Lakini mwaka 2008 FDA hiyohiyo ikatoa onyo, baadhi ya waliowekewa shingoni walivimba mpaka njia ya hewa ikabanwa, na hata kiunoni mfupa unaweza kuota pasipotakiwa ukabana mshipa. Ndo maana hawekewi kila mtu, na mfupa wako mwenyewe uliochotwa nyongani bado unaaminika sana, kwa hiyo usijione umepunjwa.

Sasa sigara, na hapa nakuomba kabisa ndugu yangu. Hizo chache bado ni nyingi. Nikotini inabana vimishipa vidogo vya damu na kuzuia seli zinazojenga mfupa, na wavutaji ndo wanaoongoza kwa mifupa kugoma kuunga. Ukiacha leo unausaidia mfupa kuliko dawa yoyote ya kuongezea sasa hivi. Diklofenaki na ibuprofeni pia usijinunulie kiholela, muulize aliyekupasua kwanza, pima vitamini D, na kama una kisukari kidhibiti.

Halafu tembea, kila siku, kidogokidogo ukiongeza, mfupa unapenda mzigo wa kiasi. Asubuhi usinyanyuke kama unakaa moja kwa moja, geuka ubavu mabega na nyonga vikienda pamoja, shusha miguu, jisukume na mkono. Kuinama huku unajipinda na kubeba kitu, bado, mpaka uruhusiwe.

Ukipata homa, kidonda kutoa majimaji, mguu kulegea, kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au ganzi sehemu za siri, usinisubiri mimi, nenda hospitali saa hiyohiyo.

SWALI: Shikamoo dokta. Mama ana miaka 68, mifupa yake imepungua nguvu na anatakiwa kuwekewa skrubu mgongoni. Zitashika kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu, umeuliza mapema na hilo ndo la maana. Mfupa mwepesi skrubu zinalegea kirahisi, kwa hiyo ombeni kipimo cha uzito wa mfupa kabla. Kuna sindano inaitwa teriparataidi, mtu anajichoma kila siku, yenyewe inajenga mfupa mpya wakati dawa nyingi za zamani zinazuia tu usiliwe, na baadhi ya madaktari wanaianza miezi kadhaa kabla ya oparesheni. Haimfai kila mtu, mfano aliyewahi kupigwa mionzi ya kansa kwenye mifupa, na akiimaliza lazima afuatishiwe dawa nyingine la sivyo mfupa alioupata unapotea tena. Kama mama miguu haijalegea na mkojo anauzuia, mwulizeni daktari wake kama tarehe inaweza kusogezwa mbele kidogo mifupa iandaliwe kwanza.