Usivilaumu viazi lishe, tazama kikaango

Dada, umeuliza kama mwanao wa miaka 7 ananenepa kwa sababu ya viazi lishe, vile viazi vitamu vya rangi ya chungwa, au amerithi ukoo wa baba yake, wenye miili mikubwa. Rangi ile ya chungwa ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na wingi wake hutegemea hasa jeni za mbegu. Panda Kabode, mbegu ya viazi lishe iliyozalishwa Uganda, tuta moja na kiazi cheupe: cheupe kitatoka cheupe hata ukimwaga gunia zima la samadi. Rangi hiyo hainenepeshi. Gramu 100 za kiazi cha kuchemsha zina kalori 80 hivi. Ukikaanga, hesabu inapanda mara mbili na zaidi.

Urithi nao upo, sikatai. Kila mtu ana jeni iitwayo FTO, lakini aina yake moja, iliyohusishwa na unene mwaka 2007, huongeza hamu ya kula; hata hivyo mtu mzima mwenye nakala mbili za aina hiyo, moja kutoka kwa kila mzazi, huwazidi wasio nayo kwa kilo 3 hivi tu, kwa wastani. Mimi ningeanza na soda, na ile chipsi mayai ya kila jioni uliyoitaja kwa kupita. Usimnyime chakula ghafla, wala usimwite "bonge" mbele ya wenzake. Mpeleke kliniki wapime uzito na urefu, walinganishe na umri wake. Akikoroma sana usiku, au ngozi ya nyuma ya shingo ikiwa nyeusi na nene, mwambie daktari.