Kabla hujanunua dawa ya kuzuia maji

Hapa Goma, watu wakishajua kwamba unafundisha fizikia na mikono yako haitulii, watakuletea maswali ya kila namna. Linalorudi sana ni la zile dawa za kupulizia wanazoziona kwenye simu: kiatu kinamwagiwa matope, matope yote yanateleza. "Mwalimu, naweza kuipaka kwenye bati? Kwenye paneli ya sola? Ndani ya tangi?" Kabla ya kutoa pesa yako, nenda soko la Virunga ununue kabichi.

Bandua jani la nje bila kulisugua. Linyunyizie vumbi jeusi la barabarani, kisha udondoshe maji. Tone litajikunja duara, libiringike na kuondoka na vumbi. Sasa sugua sehemu moja kwa kidole gumba mpaka ule weupe utoke, udondoshe tena hapohapo. Maji yatang'ang'ania. Weupe ule ni nta, ila imesimama katika vipande vidogo mno ambavyo jicho halivioni. Mwaka 1997 Wajerumani wawili, Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis, walieleza jinsi jani la lotasi, mmea wa majini, linavyojisafisha namna hiyo: lina vinundu vya mikromita chache (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na juu yake vipande vya nta vidogo zaidi. Tone hugusa ncha tu, chini yake hewa inabaki, kama mtoto anayeruka juu ya mawe ya lava bila kukanyaga mashimo.

Wengi hupotelea hapa. Wanafikiri ukishakwaruza kitu, basi kitakataa maji. Angalia kuta zetu za mawe: hakuna kitu kinachoparuza kuzidi lava, na mvua ikinyesha inalowa vizuri sana. Mtafiti wa Marekani, Robert Wenzel, alionyesha mwaka 1936 kwamba mikwaruzo huzidisha tabia ambayo kitu kinayo tayari. Kinachopenda maji kitayapenda zaidi, kinachoyakataa kitayakataa zaidi. Hata tefloni laini, ile ya vikaango visivyoshika, tone likikaa juu yake, ukingo wake hufanya pembe ya digrii 110 hivi tu. Ili maji yabiringike kweli unahitaji kupita 150, na huko hakuna mafuta wala nta itakayokufikisha ikiwa uso ni laini. Vinatakiwa vyote viwili.

Wenye mashine wanachonga kwa leza. Mwaka 2015 Chunlei Guo na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walionyesha metali ambayo maji yanaruka juu yake, bila kupaka dawa yoyote. Ila kipande cha inchi moja kwa inchi moja kilichukua saa nzima. Fikiria bati la nyumba!

Sisi tuna njia ya jikoni, na ndiyo ninayowapa wanafunzi. Chukua kipande cha alumini, kioshe kwa sabuni hadi mafuta yote yatoke, suuza, kisha kichemshe nusu saa. Tumia maji safi ya kuongezea betri (si asidi, tafadhali), kwa sababu silika (madini ya mawe) iliyomo katika maji mengi ya eneo la volkano inazuia kazi. Maji ya moto hula alumini na kuotesha juu yake majani madogo kabisa, mng'ao utafifia. Ukidondosha maji sasa yatatandaa kama karatasi, na mwanafunzi atakuambia imeshindikana. Mwambie asubiri. Kausha, kisha loweka saa kadhaa katika alkoli ya farmasi ya digrii 95 uliyoyeyushia asidi ya steariki, kijiko kidogo cha chai kwa nusu lita. Watengeneza mishumaa wanaijua. Suuza kwa alkoli, kausha, dondosha tena. Nimeona darasa zima likisimama juu ya madawati kwa ajili ya tone moja.

Kuhusu paneli za sola, mimi nakataa. Vinundu vikiwa vikubwa kuliko mawimbi ya mwanga vinautawanya, kioo kinakuwa na ukungu. Tena kiangazi hakuna mvua ya kubiringisha vumbi, kwa hiyo utapanda na kitambaa, na kitambaa ndicho kinachovunja vinundu. Kitambaa na maji ya asubuhi vinatosha bila dawa. Bati nalo, hapa ambapo moshi wa volkano ya Nyiragongo unaleta mvua ya asidi, linahitaji rangi nzuri, nene, inayoshika. Umande pia ni adui: mvuke hugeuka maji katikati ya vinundu, hewa inatoka, na tone linanasa pale. Sabuni hufanya vilevile.

Viatu vya turubai, ndiyo, jaribu hiyo dawa, ukijua utairudia. Ndani ya tangi au bidoni la maji ya kunywa usiweke chochote, kinachobanduka utakinywa. Na alkoli, ukitaka kuipasha ili ile asidi ya steariki iyeyuke, usiipashe karibu na mbabula: weka chupa yake ndani ya sufuria ya maji ya moto uliyokwisha kuepua, nje, mbali na makaa.