Waziri Mkuu anafukuzwa na nani?

SWALI: Hapa kijiweni Ruangwa tunabishana. Wenzangu wanasema Tanzania ni nusu-urais kama Ufaransa, maana tuna Rais na Waziri Mkuu. Je, Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wetu na Waziri Mkuu kwa miaka 10, alikuwa na mamlaka sawa na ya mwenzake wa Paris? – Msomaji, Lindi

JIBU: Hakuwa nayo, ndugu yangu. Na hii hoja ya "vyeo viwili, basi nusu-urais" imenichosha. Nusu-urais ni mfumo wa Rais aliyechaguliwa na wananchi pamoja na Waziri Mkuu anayeweza kuangushwa na Bunge. Ukitaka kujua mfumo, tafuta anayeweza kumfukuza Waziri Mkuu. Meneja wa AMCOS yenu, yaani chama cha ushirika cha mazao, anaisikiliza bodi iliyomwajiri, hata kama ofisi yake ndiyo yenye feni.

Katiba ya Ufaransa ya 1958, ibara ya 8, inampa Rais kumteua Waziri Mkuu. Kumwondoa, hadi mwenyewe awasilishe barua ya kujiuzulu. Wenye uwezo wa kumwangusha ni wabunge, kwa hoja ya kutokuwa na imani: saini za moja ya kumi, yaani 58 kati ya 577, saa 48 zipite, kisha kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote. Zinahesabiwa kura za kuunga mkono hoja tu, kwa hiyo mbunge anayekacha kikao anaisaidia serikali. Desemba 2024 Waziri Mkuu Michel Barnier aliondoka hivyo, kwa kura 331.

Wala "nusu" si mgawo wa pasu kwa pasu. Rais akiwa na wabunge wengi, Waziri Mkuu hujiuzulu akiambiwa. Akiwakosa, mambo hugeuka. Mwaka 1997 Rais Jacques Chirac alivunja Bunge mwenyewe, chama chake kikashindwa, akalazimika kumteua mpinzani wake Lionel Jospin na kukaa naye miaka 5. Jospin akashika sera za ndani, Chirac akabaki na ulinzi na mambo ya nje. Siku Jospin anaingia ofisini, katiba ilikuwa ileile ya jana yake.

Kwetu, ibara ya 53 ya Katiba inasema Waziri Mkuu atawajibika kwa Rais. Na Rais anaweza kumwondoa. Bunge nalo lina ibara ya 53A: saini za asilimia 20 ya wabunge, taarifa siku 14 kabla, kisha kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote. Kwa mlango huo wapo wasomi wanaotuhesabu nusu-urais, tawi la Waziri Mkuu mwenye mabwana wawili, Rais na Bunge. Sawa, ila bwana mmoja hahitaji saini ya mtu. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu bila kura kupigwa, Baraza zima la Mawaziri likavunjika, na aliyeunda jipya ni Rais yuleyule.

Ndiyo maana siwavumilii mafundi wa katiba wa WhatsApp wanaouza dawa ya "tumpate Waziri Mkuu mwenye nguvu". Rasimu zao zinajaza ukurasa kwa umri wake, shahada zake na kiapo chake. Utafute humo mstari wa nani anamwondoa, au Bunge likivunjwa linaweza kuvunjwa tena baada ya muda gani (Ufaransa ni lazima mwaka upite). Haumo.